Juu ya Meno ya Shafti ya Usukani
(Maneno yaliyosomwa na karani wa chama, kwa niaba ya ofisi, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kiplombe)





Ni desturi ya mkutano huu kwamba, baada ya hesabu za mweka hazina kusomwa, ofisi hupewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja lenye manufaa kwa wote. Mwaka huu hatukuwa na haja ya kutafuta jambo la kusema. Jambo lenyewe lilitutafuta. Wengi wenu mlifika mlangoni petu mwezi wa Aprili, mvua zikiwa zimekwisha anza, mkauliza swali moja: Imekuwaje trekta la chama, ambalo injini yake ni nzima, magurudumu yake ni mazima, na mafuta yamo tangini, likae siku kumi na moja chini ya mti bila kulima, kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole gumba?

Swali hilo ni la haki. Asiyepanda kwa wakati katika nchi hii ya Uasin Gishu ajua atakachovuna. Tunataka leo kulijibu lote, bila kuficha, maana katika jibu hilo imo lawama yetu sisi tulio ofisini, na limo pia fundisho ambalo tungependa libaki kitabuni kwa wale watakaotufuata.

Kwanza, tueleze chuma chenyewe. Kila trekta, kila lori, na kila mashua ya injini yenye gurudumu la usukani, ina shafti ambayo juu yake gurudumu hilo hukaa. Shafti hiyo, karibu na ncha yake, aghalabu huchongwa mikato midogo midogo ili gurudumu lishike lisizunguke peke yake. Juu kabisa ya mikato hiyo shafti huwa nyembamba kidogo, nayo imezungushiwa meno, yale ambayo mafundi wetu huyaita thredi. Katika meno hayo huingia nati moja. Mikato humpa dereva uwezo wa kugeuza. Lakini ni nati ile peke yake inayolizuia gurudumu lisichomoke na kumbaki mikononi. Basi wazee wetu, fikirini: trekta lina uzito wa tani na zaidi, trela nyuma yake ina mizigo, na yote hayo yanaongozwa na mtu ambaye ameshika kitu kilichofungwa kwa nati moja. Meno ya nati hiyo yakifa, hakuna usukani.

Sasa tueleze yaliyotukia. Mwishoni mwa mwezi wa Februari sili ya usukani ilianza kuvuja mafuta. Kamati iliamua, kwa haki kabisa, kwamba itengenezwe kabla ya msimu. Trekta lilipelekwa katika gereji moja, ambayo hatutaitaja, kwa kuwa nia yetu si kumshitaki mtu. Ili kufikia sili ilibidi gurudumu litolewe, nalo lilikuwa limeshikana na shafti kwa kutu ya miaka mingi. Fundi wa huko aliiondoa nati yote, akaiweka kando, akachukua nyundo, akaipiga ncha ya shafti mpaka gurudumu likaachia. Kazi ya sili ilifanywa vizuri. Lakini wakati wa kurudisha, ncha ya shafti ilikuwa imetawanyika kama mswaki uliotafunwa, na nati ya asili haikukubali kuingia. Ikatafutwa nyingine iliyofanana nayo kwa macho. Ikaingia kidogo, ikakataa. Ikatiwa spana ndefu, ikalazimishwa, ikaenda.

Sisi ofisini tuliletewa karatasi ya malipo. Iliandikwa, «Usukani umetengenezwa.» Tukapiga muhuri na kutia sahihi. Hatukwenda kuliangalia trekta, wala hatukumwuliza dereva, wala hatukumwomba mtu yeyote mwenye ujuzi atutazamie. Tuliamini karatasi. Wanachama, hilo ndilo kosa letu, nalo tunalikiri mbele yenu.

Majuma matatu baadaye dereva wetu alikuwa akirudi na magunia ya mbolea, akiteremka kuelekea mtoni. Watoto wawili waliotoka shule walikuwa wamedandia trela nyuma bila yeye kujua. Kufika katikati ya mteremko, alihisi gurudumu la usukani linapanda kifuani mwake. Akalisukuma chini kwa nguvu za mikono yote miwili huku akikanyaga breki, akalielekeza trekta kwenye ukingo wa barabara, likasimama gurudumu moja la mbele likiwa ndani ya mtaro. Hakuna aliyeumia. Gunia moja lilipasuka. Dereva alishuka, akaketi chini, na kwa muda hakuweza kusema. Wale watoto ni wa nyumba zetu, na wazazi wao wamo katika mkutano huu. Tumewaomba radhi nyumbani kwao, na leo tunawaomba radhi tena hadharani.

Palikuwa na maoni mengi siku zilizofuata. Wengine walisema tupeleke shafti ikatiwe weldi ili gurudumu lisitoke tena kamwe. Wengine walisema tufunge nati kwa waya na kuendelea kulima, kwa kuwa shambani trekta haliendi mbio. Wengine walitaka gereji ishitakiwe kwanza. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na chombo chetu hakikuwa na usukani hata wa kwendea mrama. Ndipo mzee mmoja wa kamati akatukumbusha kwamba yuko kijana wa hapa kwetu aliyefanya kazi miaka mingi Mombasa katika karakana ya mashua za injini, naye amerudi nyumbani. Akaitwa.

Kijana huyo alipoitazama shafti alicheka kidogo, akasema ameiona shafti hii mara nyingi, ila ile ya pwani ilikuwa ndani ya mashua. Akatueleza kwamba maji ya chumvi huligandisha gurudumu la usukani juu ya shafti yake kwa namna ambayo sisi watu wa bara hatuwezi kuijua. Mwenye mashua akitaka kulitoa, hufanya kama alivyofanya fundi wetu: huondoa nati, hupiga ncha kwa nyundo, na ncha hutawanyika. Kadhalika alisema kwamba shafti nyingi za mashua hufanywa kwa chuma kisichoshika kutu, na chuma cha namna hiyo kina ugonjwa wake: nati na shafti za aina moja zikikazwa kavu bila mafuta, meno yake hung'ang'aniana na kuraruana, hata nati isiende mbele wala kurudi nyuma. Kwa hiyo mafundi wa mashua wenye akili hawakazi nati kavu.

Akatufundisha njia iliyo sawa ya kutoa gurudumu la usukani. Nati hulegezwa, lakini haitolewi. Hurudishwa mpaka uso wake uwe sawasawa na ncha ya shafti, ikae pale kama kofia ya kulinda meno. Kisha hutumika chombo cha kuvutia, chenye miguu inayoshika gurudumu kutoka chini na skrubu ya kati inayosukuma ncha ya shafti. Skrubu hukazwa, hungojwa, hukazwa tena, mpaka gurudumu liachie lenyewe. Na ikiwa mtu amekwisha kosa, na ncha imetawanyika hali nati bado ipo, basi nati hiyo ni dawa: huchongwa kwa tupa ile sehemu iliyotawanyika, kisha nati hufunguliwa polepole kuelekea nje, nayo hupitia juu ya meno yaliyopinda ikiyanyosha moja moja. Fundi wa gereji angaliiacha nati mahali pake, tusingalikuwa na hotuba leo.

Lakini ubaya mkubwa wa shafti yetu haukuwa nyundo. Ulikuwa ile nati ya pili. Hapa inatupasa kusema kidogo juu ya asili ya meno ya nati, maana wengi wetu hudhani kwamba nati ni nati, na kwamba kinachoingia ndicho kinachofaa.

Zamani kila kiwanda kilichonga meno kwa kadiri ya mapenzi yake, na nati ya kiwanda kimoja haikuingia katika bolti ya kiwanda kingine. Mwaka 1841 fundi Mwingereza aitwaye Joseph Whitworth alitoa kanuni moja ya kufuatwa na wote: pembe ya jino iwe nyuzi 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake maalum ya meno katika inchi. Wamarekani nao, kwa shauri la William Sellers wa Philadelphia mwaka 1864, wakachagua pembe ya nyuzi 60. Mambo yakaenda hivyo mpaka vita kuu ya pili, ambapo mataifa yaliyopigana bega kwa bega yaliona taabu kubwa kwa kuwa vipuri vyao havikuingiliana. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikapatana juu ya meno ya namna moja yapimwayo kwa inchi. Na nchi za bara la Ulaya, zikifuatwa baadaye na sehemu kubwa ya ulimwengu, zilikuwa zikipima kwa milimita.

Sasa, ndugu zetu, fikirini hali ya nchi yetu. Mji wa Eldoret, ambao wazee waliuita Sisibo kwa sababu ulisimama juu ya shamba nambari 64, ulifikiwa na reli mwaka 1924, na tangu wakati huo mashine za kila taifa zimeshuka hapa na kuingia mashambani. Yako matrekta ya zamani ya Kiingereza, yako ya Kimarekani, yako ya Kiitalia na ya Kihindi. Katika kopo moja la nati kuukuu la fundi wa barabarani mtakuta ukoo wote huo umelala pamoja. Mkono hauwezi kuzitofautisha. Tuchukue bolti ya nusu inchi: ya kanuni ya Whitworth ina meno 12 katika inchi, ya kanuni ya mwaka 1948, meno makubwa, ina 13. Nati ya moja huingia katika nyingine mizunguko miwili hivi, kisha hukaza. Mwenye subira husimama na kuuliza. Asiye na subira hutafuta spana ndefu.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Kijana wetu aliosha shafti kwa mafuta ya taa, akaisugua kwa brashi ya waya, akaiweka juani. Akapima unene wake kwa kipimo chenye taya mbili: milimita 15.9, yaani sehemu tano za inchi iliyogawanywa mara nane. Kisha akabana karatasi nyeupe juu ya meno yaliyobaki mazima karibu na shina, yakaacha alama, akazihesabu kwa rula: meno 9 katika nusu inchi. Basi yalikuwa meno 18 katika inchi, ya kanuni ile ya mwaka 1948. Akachukua nati iliyotoka, akaipima: ilikuwa ya milimita 16, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Kwenye shafti, kutoka jino hadi jino ilikuwa milimita 1.41. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita! Lakini kila mzunguko huiongeza; baada ya mizunguko sita imekwisha pita nusu ya milimita, na hapo jino la nati halipandi tena katika mfereji wake, bali juu ya mgongo wa jino la shafti. Nguvu ikizidi, jino hukatwa. Nati yetu ilikuwa imekatakata meno ya katikati, ikakaa juu ya vumbi la chuma. Ilionekana imekaza. Haikuwa imeshika kitu.

Hapa ndipo palipokuja siku ngumu kwa kamati. Tulimwomba kijana aitengeneze shafti ileile, kwa kuwa mvua zilikuwa zinanyesha na wanachama walikuwa wakingoja. Alikataa. Alisema, «Ncha iliyopondwa naweza kuiponya, maana chuma chake kipo, kimepinda tu. Meno yaliyokatwa siwezi kuyaponya, maana chuma chake hakipo tena.» Akatuonyesha kwa kioo cha kukuzia: mahali pa meno mawili palikuwa laini kama mgongo wa kisu, na la tatu lilikuwa limebaki nusu. Akaongeza kwamba nati haibebwi sawasawa na meno yake yote. Yale machache yaliyo karibu zaidi na kitu kinachobanwa ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mzigo, nayo ndiyo yaliyoharibika kwetu.

Juu ya weldi alitoa maneno ambayo tunayaandika hapa ili yasisahauliwe. Chuma cha shafti ya usukani kimepikwa kiwandani kwa kadiri maalum, kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Moto wa weldi huiharibu kadiri hiyo mahali unapopita. Shafti iliyotiwa weldi yaweza kuonekana nzuri na imara, kisha siku moja ikakatika ghafula, bila onyo, pembeni mwa ule mshono. Shafti ya jembe la kukokotwa ikikatika, mtu hupoteza nusu ya siku. Shafti ya usukani ikikatika, hatujui mtu atapoteza nini. Na kulifunga gurudumu kwa weldi juu ya shafti ni kumfungia fundi wa kesho mlango, maana sili ikivuja tena hapatakuwa na njia ya kuifikia.

Basi tukakubali, kwa uchungu, siku zikapita. Siku ya tisa ilipatikana shafti kuukuu mjini, kutoka trekta la aina ileile lililokwisha vunjwa. Lo! Nayo ilikuwa imepigwa nyundo kichwani. Baadhi yetu tulikata tamaa. Lakini kijana aliitazama kwa furaha, kwa sababu safari hii ugonjwa ulikuwa ule unaoponyeka. Alikagua kwanza kama shafti imenyoka, kwa kuizungusha juu ya vipande viwili vya mbao vyenye mfereji. Kisha akatafuta nyufa kwa kuipaka mafuta ya taa, kuifuta ikauke, na kuipaka chaki, ili ufa ukiwapo mafuta yatoke na kuichora chaki. Hakukuwa na ufa. Ndipo akaanza kazi, nasi tulisimama karibu tukiandika.

Aliibana shafti katika jiliwa, kati ya mbao mbili laini ili isiumie. Kwa tupa bapa aliondoa ile nyama ya chuma iliyotawanyika kichwani, akaacha ncha ikiwa imepungua kidogo kama ncha ya kalamu. Kwa tupa ndogo ya pembe tatu alifungua mlango wa mfereji wa kwanza uliokuwa umefungwa. Kisha akafanya jambo lililotushangaza. Alichukua nati mpya ya kipimo kilekile, akaikata katikati kwa msumeno wa chuma, akayapangusa makali yake. Hakuziweka nusu hizo kwenye ncha iliyoharibika. Aliziweka chini, karibu na shina, kwenye meno mazima, akazibana pamoja kwa koleo ya kufungia, akatia mafuta, akaanza kuzizungusha kuelekea nje. Nusu zile, zikiwa zimeshika njia iliyo sahihi, zilitembea mpaka zikafika kwenye meno yaliyopinda, zikayasukuma yarudi katika mstari wa wenzao. Mara ya kwanza ziligoma. Akazirudisha nusu mzunguko, akaongeza mafuta, akaenda tena. Mara ya tatu zilitoka nje bila kugoma.

Tulimwuliza kwa nini hakuanzia kwenye ncha. Akajibu kwamba ukianza mahali palipoharibika hujui njia ipi ni ya kweli. Chombo chako kitachonga njia mpya, nawe utakuwa umeua hata yale meno yaliyokuwa mazima. Ukianza palipo pazima, njia yenyewe hukuongoza. Wazee wetu, neno hilo lilitukaa moyoni kuliko mengi tuliyosomeshwa.

Mwisho alipitisha dai, yaani kile chuma cha duara chenye meno ndani, kwa kusafisha tu wala si kwa kuchonga upya. Kila mzunguko mmoja mbele, nusu mzunguko nyuma, ili vijipande vya chuma vivunjike na kuanguka. Akaosha, akafuta, akaweka nati mpya kabisa, akaiendesha kwa vidole viwili. Ikateremka mpaka chini bila kukwama na bila kuchezacheza. Alisema hiyo ndiyo hukumu: nati isiyokubali vidole haijastahili spana.

Gurudumu liliporudishwa, nati ilikazwa kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha trekta. Kisha akachora kwa rangi nyeupe mstari mmoja unaopita juu ya nati na ncha ya shafti. Mstari ukikatika, nati imehama. Hata mtoto aweza kuona. Dereva ameagizwa kuutazama kila asubuhi, naye ametuambia kwamba mpaka leo mstari haujakatika.

Kabla ya kumaliza, tungependa kuwakumbusha habari moja ya kweli kutoka maziwa yetu, ili msidhani kwamba mambo haya ni ya mafundi wadogo tu. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli huko Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika makasha kama elfu tano, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa katika ziwa Tanganyika mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, walipoona watashindwa, wahandisi wake waliamriwa waizamishe. Wale watu walifanya kazi hiyo kwa adabu ya fundi: waliipaka mitambo yote grisi nene kabla ya kuizamisha. Mwaka 1924 iliinuliwa na Waingereza, na mitambo yake ikakutwa ingali yafaa kutumika. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikachukua watu na mizigo kwa miaka mingi mno. Mtu aliyejua kwamba chombo kitapotea bado alikumbuka kukipaka grisi. Sisi, tuliokuwa na trekta tunalolihitaji kesho yake, hatukukumbuka hata kulitazama.

Kwa hiyo kamati imeazimia mambo yafuatayo, nasi tunaomba mkutano uyathibitishe:

1. Hapana karatasi ya malipo ya matengenezo itakayotiwa sahihi kabla karani na dereva, wote wawili, hawajaiona kazi yenyewe kwa macho na kuijaribu.

2. Gurudumu la usukani litatolewa kwa chombo cha kuvutia peke yake. Chama kimenunua kimoja, na bei yake imo katika hesabu za mweka hazina. Mwanachama yeyote aweza kukiazima.

3. Nati, bolti na shafti za usukani na breki hazitatiwa weldi kamwe, wala hazitafungwa kwa nati isiyopimwa. Meno yaliyopinda yatanyoshwa. Meno yaliyokatika, chuma chote kitabadilishwa.

4. Kila mwaka, mwezi wa Januari, kabla ya msimu, meno yote yaliyo wazi yatasafishwa na kupakwa grisi.

5. Hapana mtu, mkubwa wala mdogo, atakayepanda trela barabarani. Hili tunawaomba wazazi na walimu watusaidie.

Tunajua kwamba siku zile kumi na moja ziliwagharimu baadhi yenu. Wako waliokodi trekta la mtu kwa bei ya juu, na yuko mama mmoja aliyepanda nusu ya shamba lake kwa jembe la mkono. Hatuwezi kuwarudishia siku hizo. Lakini twawaomba msimlaumu yule kijana aliyekataa kuitengeneza shafti ya kwanza, kama tulivyosikia wengine wakimlaumu sokoni. Siku ile sisi sote, pamoja na ofisi hii, tulikuwa tunamsihi aseme ndiyo. Yeye peke yake alisema hapana, na neno lake ndilo lililotulinda sisi na watoto wetu. Kamati imeandika jina lake katika kitabu cha kumbukumbu za chama, pamoja na shukrani.

Ile shafti ya kwanza hatukuitupa. Tumeitundika ukutani ofisini, juu ya meza ambayo karatasi za malipo hutiwa sahihi. Mnakaribishwa kuja kuitazama wakati wowote, na kuyahesabu meno yake yaliyobaki.

Mungu aibariki kazi ya mikono yetu. Tumesema.